Neno Husemwa Mchangani

Tulimwacha Kasyoka dukani kwa Kanini, hapo sokoni Kithimani, mkonga wa simu umemganda sikioni. Wewe ambaye gazeti la juma lililopita lilifungiwa nyama kabla hujalisoma, usijali, hujapitwa na mengi. Shika hili moja tu: nyuma ya sauti ya msichana aliyekuwa akizungumza naye kutoka kijiji cha Mwandoni, kule pwani ya kusini, Kasyoka alisikia kipaza sauti kikinguruma, na sauti iliyotoka humo ilikuwa ya Makau.

Makau yule yule. Mchumba wake. Aliyeaga jana asubuhi kwamba anafika Machakos mjini tu, ana shughuli za mradi, na Ijumaa mchana atakuwa amerudi ale mbuzi na wageni.

"Anasema nini?" Kasyoka aliuliza.

"Anasema kesho watu wakitoka msikitini, wote wakutane mchangani waulizwe habari ya hoteli. Yuko juu ya gari. Na mikoko ya kukatwa imefungwa vitambaa vyekundu, dada, kuanzia darajani petu mpaka ufuo wa kasa. Mwambie mama Nyamvula aje. Mama asipokuwepo, nani atasema?"

Simu ikakatika. Kanini, ambaye masikio yake hayajawahi kukosa habari, akauliza kama kuna aliyefiwa. Kasyoka akamwambia bado, akatoka nje bila kuchukua hata chenji yake.

Sasa nikueleze upesi, maana mambo ya leo hayasubiri mtu.

Kasyoka ni binti wa hapa hapa Yatta, na kazi yake ni kupanga miradi ya utalii kwenye hifadhi za bahari. Miaka mitatu alikaa Mwandoni. Yeye na akina mama wa pale walipanga kitu cha maana: watalii waje wachache, watembezwe juu ya daraja la mbao katikati ya mikoko, wapandishwe mitumbwi ya wenyeji, wale wali wa nazi uliopikwa na wenyewe, na sehemu ya mapato iende shuleni na zahanati. Ufuo ambao kasa hutagia mayai usijengwe hata kibanda cha soda. Mkuu wa mradi alikuwa Makau, na Makau aliusifu mpango huo kila mkutano, mpaka wengine wakachoka kumsikia.

Lakini Mwandoni wana desturi yao. Neno la ardhi pale halisemwi ofisini, wala halitumwi kwa mtu. Husemwa mchangani, miguu mitupu, na msemaji mmoja wa kila ukoo. Asiyekuwepo hana neno. Wakinyamaza wote, wamekubali.

Aliyemfundisha Kasyoka hayo ni Bi Nyamvula, mwenyekiti wa akina mama, jioni moja wakichagua mchele, kama mama anavyomfundisha binti yake mambo ya nyumbani. Kasyoka aliipenda desturi hiyo mpaka akaitia ndani ya mpango: pasijengwe kitu chochote kwenye hifadhi kabla wenyeji hawajaulizwa mchangani kwa desturi yao. Aliona amewajengea ukuta. Na kwa furaha ile akamsimulia Makau mezani, neno kwa neno, huku akimwongezea chai.

Haukupita muda, Makau akaja na wazo. Wasemaji wa koo waletwe Kithimani kwa ziara ya mafunzo. Waone mwethya, yaani vikundi vyetu vya kufanya kazi kwa zamu, leo shamba lako kesho langu. Waone watu wa mfereji wa Yatta wanavyogawana maji bila kupigana mapanga. Wafikie kwa akina Kasyoka, maana ni kama nyumbani. Tena akasisitiza waje wote, asibaki hata mmoja, wasije wakaoneana wivu.

Kasyoka akamwona mchumba wake ni mtu wa watu. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, lakini ni nani anayekagua nguo yake wakati inampendeza?

Basi, pale nje ya duka, Kasyoka akasimama kwenye jua akipanga mambo moja moja. Wasemaji wote wa Mwandoni wako huku bara. Gari lililowaleta ameondoka nalo Makau. Kesho mchana watu watasimama mchangani, wataulizwa kama wanakubali hoteli, na hapatakuwa na mtu mwenye haki ya kusema hapana. Kila kitu kitafuata mpango ulivyoandikwa. Mpango wake yeye.

Hakulia, maana hasira ilikuwa imetangulia.

Ng'ambo ya barabara, Kiama alikuwa akipakia vitunguu. Kiama ni mfanyabiashara ambaye wazazi wake walihamia Yatta kutoka Murang'a kabla yeye hajazaliwa, na kila wiki lori lake huenda soko la Kongowea, Mombasa. Si mtu wa maneno mengi. Kasyoka akamweleza yote bila kupumua, na Kiama akasikiliza huku akiendelea kukaza kamba, mpaka Kasyoka akadhani hasikii.

"Barabara ni mbaya tangu El Nino," Kiama akasema mwishowe. "Tukitoka saa hii, na tusilale njiani, kesho kabla ya adhuhuri tuko feri. Watu ngapi?"

"Sita na mimi."

Kiama akawaangalia wapakiaji wake, akawaambia washushe magunia ya nyuma. Mmoja akalalamika kwamba mzigo ukibaki utaoza.

"Vitunguu viko na wiki mbili," Kiama akamjibu. "Hao wazee wako na usiku mmoja. Shusha."

Hapo ndipo Kasyoka alipokaribia kulia. Mtu asiye na deni naye lolote amemfanyia hivyo, na yule aliyeleta mbuzi wa posa yuko juu ya gari na kipaza sauti.

Nyumbani kwao aliwakuta wageni wamekaa na mama yake chini ya paa la ghala, wanachambua maharagwe na kuchekana. Mama yake alikuwa akijaribu kuwafundisha kula muthokoi bila nazi, na Bi Nyamvula anamwambia kwamba mahindi kukobolewa ngozi kisha yakanyimwa nazi ni kuyaonea mara mbili. Kasyoka akasimama mbele yao. Kicheko kikaisha chenyewe.

Akawaambia. Hakuficha kitu: vitambaa vyekundu, kipaza sauti, mkutano wa kesho, na jina la aliyekishika kipaza sauti. Mama yake akasema "Aiya!" akashika mdomo. Wageni wakatazamana. Bi Nyamvula peke yake hakugeuza uso. Aliendelea kuchambua yale maharagwe machache yaliyobaki mkononi mwake, akayatia kwenye ungo, akajipangusa.

"Haya," akasema. "Huyo bwana ni mtu wa bara. Hajalala Mwandoni hata usiku mmoja. Nani alimwambia neno letu?"

Msomaji, hapo angeweza kudanganya. Angesema Makau ameusoma mpango, na ingekuwa nusu ya kweli.

"Ni mimi, Mama."

"Nilikwambia wewe. Sikuiambia semina."

"Najua."

"Nilikwambia kwa sababu nilikuita mwanangu."

Miaka mitatu mwanamke huyu alimtilia Kasyoka sahani, alimfunga leso alipougua homa, alimtetea kwa wazee waliosema Mkamba huyu amekuja kutuuza. Na leo imekuwa kweli, kwamba aliwauza bila kujua bei wala mnunuzi. Ilimuuma kuliko habari za Makau. Makau amemsaliti yeye, lakini yeye amemsaliti nani?

Lori likapiga honi mlangoni. Bi Nyamvula akainuka, akawaambia wenzake wafunge mizigo, mambo mengine yatasemwa njiani au yasisemwe kabisa. Akampita Kasyoka bila kumgusa.

Ikawa pilikapilika. Mmoja anatafuta kiatu, mwingine anakusanya miche ya maembe aliyopewa na kikundi cha mwethya, hataki kuiacha hata kama dunia inaisha. Ndipo Bi Nyamvula akakumbuka kaka yake.

Huyo kaka ni Mzee Ndaro, tumbo moja na Bi Nyamvula, na ndiye msemaji wa ukoo wao kwa umri. Bi Nyamvula alikuja kama mwenyekiti wa akina mama, na wala si siri kwamba kati ya hao wawili mwenye kichwa ni dada mtu. Jana asubuhi Mzee Ndaro aliondoka na Makau. Magoti yalimsumbua, na Makau alijitolea kumpeleka kwa daktari Machakos mjini. Wote walimshukuru Makau kwa wema huo, na Kasyoka alikuwa wa kwanza kumshukuru.

"Tutampitia hospitali," Kasyoka akasema. "Machakos iko njiani."

Bi Nyamvula akaingia chumba walicholala wanaume kumchukulia kaka yake vitu vyake. Akakaa humo. Wakamsubiri, akaendelea kukaa. Kasyoka alipomfuata, alimkuta amesimama mbele ya msumari mtupu ukutani.

"Kanzu yake ilikuwa hapa," Bi Nyamvula akasema.

"Labda aliivaa."

"Aliondoka na suruali na koti, nilimfunga vifungo mimi. Hii ni kanzu nyeupe ya Ijumaa. Haivai siku nyingine, hata harusi haivai." Akaugusa msumari kwa kidole. "Mtu anayekwenda kutazamwa magoti siku ya Jumatano anaibebea nini kanzu ya Ijumaa?"

Kasyoka akaelewa, na wewe umeelewa. Mzee Ndaro hayuko hospitali. Mzee Ndaro yuko Mwandoni, na kesho akitoka msikitini na kanzu yake nyeupe atasimama mchangani miguu mitupu, msemaji halali wa ukoo, na atasema ndiyo. Makau hakutosheka na kimya. Alijitafutia na ndiyo kabisa, aitembeze ofisini.

Bi Nyamvula akakaa juu ya kitanda. Kwa mara ya kwanza tangu afike Kithimani alionekana mzee. Akasema kaka yake amekuwa akilalamika mwaka mzima kwamba kijiji kinamsikiliza mwanamke kuliko yeye. Alidhani ni maneno ya wazee tu. Alimpikia, akamfulia kanzu hiyo hiyo kwa mikono yake kabla ya safari, na yeye alijua tayari anaivalia nini.

Kasyoka akakaa kando yake. Bi Nyamvula hakumfukuza.

"Kuna jambo sikukwambia jioni ile ya mchele," akasema. "Ndugu wa tumbo moja hawapingani mchangani. Mmoja akisha kusema, mwingine anyamaze. Ama amkane mbele ya watu, aseme huyu si ndugu yangu, na neno lake ndilo litasimama."

"Na aliyekanwa?"

"Hazikwi Mwandoni. Akifa, watoto wake watamtafutia pengine."

Kasyoka akamuuliza atafanya nini. Lilikuwa swali la kijinga na alijua. Bi Nyamvula alikuwa ameshaanza kujitanda leso kichwani, anaikaza.

"Mama yetu aliniachia Ndaro nimwangalie, ingawa ndiye mkubwa," akasema. "Alimjua. Kesho nitamkana, Mungu anisamehe. Na wewe, wako utamfanyaje?"

Nje, zizini, mbuzi wakalia.

Hapa kwetu, msomaji wa mbali, posa hufungwa na mbuzi wa ntheo. Mbuzi hao wakishapokewa kwa baba, binti ni wa watu. Makau aliwaleta Pasaka, watatu, mmoja akachinjwa siku ile ile na wawili wakabaki kufugwa. Mbuzi wazuri pia, weusi, wenye afya. Wakirudishwa, posa imekufa, na aliyerudishiwa hana pa kuficha uso.

Kasyoka akaenda zizini. Hakukimbia. Akafungua mlango wa fito, akawafunga mbuzi wote wawili kwa kamba moja, akaanza kuwavuta kuelekea lorini. Kama Bi Nyamvula atasimama mchangani mbele ya kijiji kizima na kumkana ndugu wa damu, basi Makau naye atakabidhiwa mbuzi wake hapo hapo, akiwa na kipaza sauti mkononi. Tanboi wa Kiama, yaani utingo wa lori, alipoona mbuzi wanakuja akaanza kucheka, kisha akauona uso wa Kasyoka akaacha.

Baba yake alikuwa amesimama langoni.

Mzee Mutinda ni katekista mstaafu, mtu mpole, anayesalimia hata mbwa wa jirani. Tangu wageni wafike amekuwa akiwakirimu mpaka watu wakamsifu sokoni. Yeye ndiye aliyetangaza kwamba haitawezekana wageni watoke kwake mdomo mkavu, kwamba lazima wachinjiwe mbuzi wa kuagana, na siku ya mbuzi huyo iwe Ijumaa mchana. Bi Nyamvula alitaka kuondoka Alhamisi ili wasali Ijumaa kwao. Mzee akamsihi. Mgeni wa heshima hakatai mbuzi wa mwenyeji, na Bi Nyamvula akakubali.

"Rudisha hao mbuzi, Kasyoka," Mzee Mutinda akasema.

Kasyoka akamweleza mambo ya Makau, haraka, akijua baba yake akisikia atamfungulia lango mwenyewe. Mzee akasikiliza akitazama chini. Hakushtuka. Hakuuliza hata swali moja. Na kadiri alivyonyamaza, ndivyo Kasyoka alivyopunguza maneno, mpaka yakamwishia.

"Tata," akamwita baba yake taratibu. "Ulijua?"

"Alinieleza."

"Lini?"

"Alipokuja kuomba wafikie hapa. Alisema kukijengwa hoteli, ana kazi ya kudumu huko na nyumba. Kusipojengwa, anafutwa, na hatakuwa na uwezo wa kukuoa." Mzee akainua macho. "Uko na miaka thelathini na nne. Wadogo zako wote wana watoto. Mimi ni mgonjwa, unajua. Nilitaka nikuone kwako kabla sijaenda. Kwani hao samaki na hiyo miti ni ya ukoo wetu?"

"Kwa hivyo mbuzi wa kuagana..."

"Ni mimi nilichagua Ijumaa."

Mama yake, aliyekuwa amefuata nyuma na kikapu cha chakula cha njiani, akakiweka chini. Huyo hakujua, ilikuwa wazi usoni. Kwa siku hizo zote amewapikia wageni kwa moyo mweupe, chakula kikageuzwa kamba ya kuwafungia.

Kasyoka aliwahi kusikia watu wakisema wamevunjwa moyo, akadhani ni msemo tu. Makau alimuuma kama mchumba. Huyu alikuwa baba yake, aliyemfundisha sala, aliyeuza ng'ombe wake mmoja ili binti asome chuo. Tena alifanya haya kwa kumpenda, na hilo lilimkosesha hata mahali pa kushikia hasira.

"Fungua lango, Tata."

"Mbuzi wa ntheo hurudishwa na mzee, si msichana."

"Basi warudishe wewe. Panda lori twende."

Mzee Mutinda akatikisa kichwa. Jua lilikuwa limeshuka magharibi, na Kiama akawasha injini. Wageni walikuwa wamekwisha kukaa juu ya magunia, miche ya maembe magotini.

"Ukitoka na hao mbuzi kwa lango langu," Mzee akasema, "nitasema lile neno, Kasyoka. Sitaki, lakini nitalisema."

Mama yake akamwita mumewe kwa jina lake la ubatizo, kitu ambacho hajawahi kufanya mbele ya watu. Hata tanboi alielewa. Ni kiumo, laana ya mzazi, na Mkamba anaweza kumaliza digrii tatu na bado hataichezea. Wapo watu Kithimani hapa hapa wanaoonyeshwa kwa kidole, kwamba mnamwona yule, baba yake alimtamkia. Na ikishatamkwa, mwenye kuiondoa ni aliyeitamka peke yake, kama bado yuko hai.

Bi Nyamvula akaongea kutoka juu ya magunia. Hakupaza sauti.

"Mwanangu, ukibaki sitakulaumu. Tutasema wenyewe."

Mwanangu. Amemwita tena.

Kasyoka akamtazama baba yake, akamtazama mpaka mzee akakwepesha macho. Kisha akazungusha ile kamba mara moja zaidi kwenye kiganja, akavuta. Mbuzi wakatangulia. Akapita langoni karibu kabisa na baba yake, bega likagusa koti lake kuukuu la kanisani.

Nyuma yake akamsikia akivuta pumzi, na akamsikia akiliita jina lake lote, Kasyoka binti Mutinda, kama wanavyoitwa watu siku ya kubatizwa.

Hakugeuka. Mzee Mutinda akafungua mdomo.